Ufa Uliofukiwa

Ukitoka Kaaga, msomaji, ukashuka hata Bonde la Ufa karibu na Mai Mahiu, utafika mahali ambapo mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka na barabara ya Narok ikakatika. Wataalamu walibishana: wengine walisema bara linaachana, wengine kwamba maji yaliondoa tu majivu ya volkeno yaliyojaza ufa wa zamani. Barabara ilifukiwa, magari yakapita. Msafiri hangojei ubishi.

Lakini mfikirie mwenye shamba afukiaye ufa wake, akaotesha nyasi juu, kisha akauza kiwanja. Hakutamka uongo. Je, hakudanganya? Mimi naona amedanganya kwa jembe. Utasema ana watoto wa kulisha. Naam, hata mnunuzi anao, nao watalala juu ya ufa ule. Basi na auze kwa bei ya malisho, mnunuzi akijua.