Kopo la Diazepamu la Ituri

Hapa Manika vidonge vingi huuzwa rejareja. Muuzaji anafungua kopo kubwa, anahesabu vinne au sita, anavifunga ndani ya kikaratasi. Mama anaondoka na vidonge, jina la dawa linabaki dukani. Anayenunua hivyo ni vizuri ajue yaliyowapata wenzetu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000 walifikishwa hospitali huko, shingo zimepinda, ulimi na misuli ya uso imekaza. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vidonge vilipopimwa maabara, ukweli ukatoka: makopo yaliandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, kumbe ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari.

Kidonge hicho cha haloperidoli huyeyuka tumboni, kikapenya ukuta wa utumbo, damu ikakipitisha kwenye ini. Ini huvunja sehemu yake. Zaidi ya nusu huponyoka na kusambaa mwilini kwa damu, hadi ubongoni. Diazepamu ya kweli ingetuliza mishipa ya fahamu na misuli ikalegea. Haloperidoli huzuia dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza viungo, na misuli hujikaza yenyewe. Watoto na vijana ndio hupatwa upesi zaidi. Tena dawa hiyo haina haraka ya kutoka: huchukua kama siku nzima kiasi kilichomo katika damu kupungua kwa nusu, hivyo anayemezeshwa asubuhi, mchana na jioni anarundikiwa dawa juu ya dawa. Linaloniuma zaidi ni hili: diazepamu halisi hulegeza misuli iliyokaza, basi muuguzi mwenye huruma akichota tena katika kopo lile, anamwongezea mgonjwa sumu ileile.

Mzazi mwenzangu, dai uoneshwe kopo, usome jina na tarehe ya kuisha. Ila Ituri lebo yenyewe ilidanganya. Kwa hiyo mtoto akianza kupinda shingo baada ya kumeza dawa, usimpe tena; mkimbize hospitali, ubebe vidonge vilivyobaki pamoja na kikaratasi chake. Daktari akishatambua chanzo, zipo dawa za kufungua mikazo hiyo, biperideni ikiwa mojawapo, na zikichomwa kwa sindano mara nyingi shingo hulegea ndani ya nusu saa.