Nani Anadaiwa na Marehemu?

Ndugu msomaji, ukienda mazikoni hapa Kimara, kabla jeneza halijaondoka utamsikia msemaji wa familia akitangaza: "Anayemdai marehemu ajitokeze." Ni desturi njema. Mtume (s.a.w.) alisita kumsalia maiti mwenye deni, mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile.

Kila Julai 25 taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Tarumbeta hulia, watu hunyamaza, viongozi huweka mkuki na ngao, sime na mashada ya maua mnarani, kisha viongozi wa dini huomba dua. Miongoni mwa wanaokumbukwa ni askari waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Wengi wao wamelala Kaboya, Muleba.

Hapo tangazo la Kimara linageuka. Askari yule hatumdai kitu. Sisi ndio anaotudai. Alitoa roho yake ili sisi tulale. Je, mjane wake anaishije? Watoto wake walisoma? Na mwenzake aliyerudi bila mguu, tukikutana naye ndani ya daladala, nani anampisha kiti?

Tusiseme hiyo ni kazi ya serikali peke yake. Maua hunyauka, deni halinyauki. Dua tuombe, lakini isiwe njia ya kukwepa kulipa.

Julai 25 ijayo kila mmoja ajiulize: nani anadaiwa na marehemu? Kisha ajitokeze.

Wallahu a'lam.