Udhamini Ndani ya Kiini

Swali la misingi ya kuamini, yaani kwa haki gani mtu hupokea kazi ya mwingine asiyeweza kuikagua hatua kwa hatua, ni la kale katika dini na falsafa, na leo linaulizwa pia ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta. Kiini, ambacho mafundi hukiita keneli, ndicho kinachotawala kumbukumbu, diski na vifaa vyote vya mashine. Moduli ni kipande cha programu kinachopachikwa humo wakati mashine inaendelea kufanya kazi, kwa mfano ili kadi mpya ya mtandao itambuliwe. Ikishaingia, moduli inaweza kusoma na kubadili chochote ambacho kiini kinakifikia, bila kuomba ruhusa.

Katika Mji wa Serikali wa Mtumba, Dodoma, uliozinduliwa Aprili 2019, mwaka uleule wa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10, swali hili si la nadharia tupu, kwa kuwa seva ya wizara hubeba taarifa za wananchi ambao hawatamjua kamwe fundi aliyeisimika. Seva ya Linux inapokataa moduli, mtaalamu wa TEHAMA husoma kwanza kumbukumbu za kiini kwa amri ya dmesg, maana humo ndimo sababu huandikwa. Moduli iliyoundwa kwa toleo lingine la kiini huundwa upya kwa faili za vichwa za toleo linalotumika. Inayotegemea moduli nyingine huingizwa kwa amri ya modprobe, ambayo hutanguliza tegemezi zake. Hayo ni ya ufundi tu. Kukataliwa kwa namna ya tatu ni kugumu zaidi: moduli ni nzima na inalingana na toleo, lakini mashine inadai saini ya kidijitali, na saini iliyopo haitokani na ufunguo unaotambuliwa.

Hapo fundi anaweza kuzima ukaguzi wa saini, au akatengeneza ufunguo wake, akausajili katika mashine na kuitia moduli saini. Kwa njia zote mbili kadi itafanya kazi, lakini kimaadili zinatofautiana mno, kwa kuwa anayezima ukaguzi amelifuta swali, ilhali anayetia saini amelijibu na kujifanya mdhamini wa kitu ambacho huenda hakukiandika yeye.

Udhamini huo una mpaka, na wanazuoni wa Hadithi za Mtume waliujua mpaka wa aina hiyo zamani. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 1245, alifundisha kwamba isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, inaweza kuwa sahihi na bado matini, yaani maneno yanayopokewa, yakawa na kasoro iliyofichika. Saini ya kidijitali hukaa upande wa isnadi: huthibitisha ufunguo uliotumika na kwamba moduli haikubadilishwa baadaye, wala haisemi lolote kuhusu wema wa kilichomo. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alikwenda mbali zaidi katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1984, alipoonyesha kwamba hata kuusoma msimbo chanzo wote hakutoshi, kwani programu inayougeuza kuwa lugha ya mashine yaweza kupachika hila isiyoonekana katika msimbo huo.

Kuhitimisha kwamba basi ukaguzi ni bure kungekuwa haraka isiyo na haki. Thompson mwenyewe aliona kwamba pengine lililo muhimu zaidi ni kuwaamini watu walioandika programu, na hilo hurudisha mzigo kwa binadamu, anayeweza kuulizwa na kujibu. Ndiyo maana jambo linalostahili kufikiriwa zaidi ni ufunguo wenyewe, ambao hubaki umesajiliwa katika mashine hadi uondolewe, hata aliyeutengeneza akihamishwa kituo. Anayeipokea seva hiyo hurithi udhamini ambao hakuutoa, na hana budi kuchagua: ama aukubali ufunguo huo kuwa wake pamoja na kila moduli iliyotiwa saini nao, ama auondoe na kuzikagua moduli hizo upya, moja baada ya nyingine.