Jua na Kujua

Kijana anayeanza utafiti wa jua siku hizi hukabidhiwa modeli kabla hajachora doa hata moja la jua. Huingiza kasi na upana wa wingu la gesi lililofyatuka juani, kisha kompyuta humwonyesha wingu hilo likisafiri kilomita milioni 150 hadi duniani, na muda wa kufika umeandikwa pembeni. Je, anajua? Nashikilia kwamba bado, na mafunzo yake yaanzie hapo. Modeli tulizo nazo hukosea muda huo kwa wastani wa takriban saa 10. Zito zaidi ni uelekeo wa sumaku iliyomo winguni. Ikielekea kusini, huungana na sumaku ya dunia na kuifungulia dhoruba mlango. Lakini uelekeo huo haupimiki kwa uhakika mpaka wingu lizifikie setelaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu, na hapo onyo lililobaki mara nyingi halitimizi saa moja. Machi 1989 dhoruba ya aina hiyo iliiangusha gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ndani ya sekunde zipatazo 90. Watu milioni 6 wakakosa umeme kwa saa 9.

Kuna watakaosema msimamizi wa gridi anataka jibu, si falsafa. Ni haki yake. Ila anayeambiwa "saa nane mchana" hupanga zamu tofauti na anayeambiwa "kati ya asubuhi na usiku wa manane", na huyu wa pili ndiye aliyeambiwa ukweli. Wala kukiri shaka si uvivu: wanafunzi wa elimu ya dini huku pwani hufundishwa kusema "Mungu ndiye ajuaye zaidi" baada ya kuichambua hoja, si badala ya kuichambua. Wengine wataiachia kazi akili mnemba. Lakini mashine hujifunza kwa yaliyojirudia, na dhoruba kubwa ni adimu mno.

Tarehe 1 Septemba 1859, mwanaastronomia Richard Carrington, huko Redhill, Uingereza, alikuwa akichora madoa ya jua alipoona miale miwili myeupe ikiwaka kati yake. Alikimbia kutafuta shahidi. Aliporudi, hata dakika haijaisha, ilikuwa imeanza kufifia. Saa 17 na ushei baadaye dhoruba ya sumaku ikaikumba dunia na kuvuruga simu za maandishi. Aliripoti yote mawili, akakataa kutangaza kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili, maana ushahidi wake ulikuwa tukio moja tu. Uhusiano huo upo, na leo unafundishwa darasani. Siku ile, hata kwake yeye aliyeuona mwako kwa macho yake, ulikuwa bado dhana.