Mama Kizimbani: Jinsia, Utu na Dhima ya Ukatili wa Vita

Makala haya yanajadili swali moja la kimaadili: je, mwanamke aliyetenda ukatili wa vita ahukumiwe kama mwanamke, au kama mtu? Swali hili linatazamwa kwa jicho la mapokeo ya kisiwa cha Mombasa.

Pauline Nyiramasuhuko alikuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake nchini Rwanda mwaka 1994. Alikamatwa Nairobi Julai 1997. Tarehe 24 Juni 2011, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na pia, kwa dhima ya mkuu juu ya walio chini yake, kwa ubakaji uliofanywa na Interahamwe mjini Butare. Kabla ya kukamatwa alikuwa amejitetea hadharani kuwa hangeweza kuua hata kuku, na kwamba tuhuma hizo haziingii akilini kwa mwanamke aliye mama.

Utetezi huu wategemea taswira ambayo fasihi yenyewe imeikuza. Utendi wa Mwana Kupona (1858) umezoeleka kusomwa kama kioo cha utiifu wa mke. Lakini anayenena humo ni mama mwenye mamlaka ya kufunza. Na mwenye kufunza hudaiwa kwa alichofunza. Mapokeo ya Mombasa nayo humtaja Mwana Mkisi kuwa malkia wa asili wa mji. Katika Mji wa Kale, vyama vya lelemama vya karne ya 20 vilishindana kwa nyimbo za mafumbo makali, na ukali huo ulitambuliwa kuwa wa wanawake wenyewe waliotunga na kuimba. Hivyo, wazo kwamba mwanamke hana nguvu ya kudhuru si la mapokeo haya.

Huenda ikadaiwa kuwa mfumo dume humpunguzia mwanamke hiari. Ni kweli kuwa shurutisho hupunguza lawama, ila sharti lithibitishwe kwa mtu na tendo lake; halirithiwi kwa jinsia. Waziri aliyeamuru si sawa na mwanakijiji aliyeshikiwa panga. Kosa la upande wa pili ni kumwona mama muuaji kuwa zimwi lililo baya kuliko muuaji mwanamume. Huko nako ni kuihukumu jinsia badala ya tendo.

Desemba 2015, rufani ilipunguza kifungo chake cha maisha kuwa miaka 47, kwa kuwa baadhi ya hatia zilitenguliwa na shauri lilikuwa limecheleweshwa isivyostahili. Mwanawe, Arsène Shalom Ntahobali, aliyeshtakiwa pamoja naye, alipata miaka iyo hiyo. Umama haukupunguza adhabu wala kuiongeza.

Kwa kuhitimisha, yafaa ikumbukwe kuwa waliobakwa Butare nao walikuwa wanawake, na wengine wao mama. Umama ukiwa kinga ya mtesi, haki yao hupotea kwa jina la heshima ya jinsia yao wenyewe. Mtu ni utu, na utu una wajibu. Kumwondolea mwanamke lawama ni kumwondoa katika utu huo.