Kijana Asiye na Kazi Ni Mwizi?

Hili ni swali ambalo mtaani hujibiwa kabla halijaulizwa. Betri ya pikipiki ikipotea, ama mbuzi wa mama fulani asirudi jioni, macho yote yanaenda kwa wale vijana wa kijiweni. Hakuna aliyeona kitu. Lakini hawana kazi, na kwa wengi wetu huo ni ushahidi tosha.

Andiko letu wiki hii ni Mithali 6:30-31. Pale kuna mambo mawili, na sisi hupenda kubeba moja tu. Kwanza, watu hawamdharau mwizi aliyeiba kwa sababu ya njaa. Pili, akishikwa atalipa mara saba, hata kama itabidi atoe kila kitu kilicho nyumbani kwake. Huruma iko, na deni liko. Wanaotaka huruma tu wanakoma mstari wa 30. Wanaotaka kiboko tu wanaanzia 31.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa Voi analijua. Kama kukosa kazi kungemfanya mtu kuwa mwizi, hapa hakuna mtu angelala. Vijana wasio na ajira ni wengi, na wengi wao hawajaiba hata sindano. Wanaamka saa kumi na moja kutafuta mjengo, wanakata mkonge, wanaendesha bodaboda ya mwenyewe na kupeleka hesabu jioni. Kwa hivyo mwanasiasa akisimama jukwaani na kusema "hawa vijana tusipowapa kazi watatuibia", anadhani anawatetea. Anawatukana.

Lakini pia si kweli kwamba kazi na uhalifu havijuani kabisa. Nikiwa chuo, katika masomo ya biashara, tulifundishwa juu ya Gary Becker, mwanauchumi wa Marekani aliyeandika mwaka 1968 kwamba mhalifu naye hupiga hesabu: nitapata nini, nitashikwa ama sitashikwa, na nikishikwa nitapoteza nini. Hilo la mwisho ndilo ningependa tulitafakari. Mwenye duka, ploti, akiba kwa Sacco na jina zuri kanisani ana mengi ya kupoteza. Yule ambaye hakuna anayemngoja kesho asubuhi, hakuna anayeuliza mbona hajafika, anapoteza nini? Kazi haileti mshahara peke yake. Inamfanya mtu akosekane asipokuwepo.

Kuna mwingine, Robert Merton, aliyeandika mwaka 1938 kwamba jamii huwahubiria wote lengo moja, yaani pesa, halafu inawafungulia mlango wachache. Huyo ningempeleka Sagalla. Kule juu utakuta bibi ameacha jembe nje usiku kucha, na yeye si tajiri. Majirani wake pia si matajiri. Shuka hapa barabara kuu ya Mombasa, ambako kijana anauza maji kwenye dirisha la gari ambalo bei yake hawezi kuifikisha maisha yake yote, halafu Jumapili anasikia kwamba gari kama hilo ndilo dalili ya kubarikiwa. (Makanisa mengi yana la kujibu hapo.) Umaskini wa Sagalla na umaskini wa barabarani ni vitu viwili tofauti.

Na tusiseme vijana wetu ni wavivu tu. Karibu asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta iko ndani ya hifadhi za Tsavo. Huko hulimi wala huchungi. Kisha reli ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na mwaka 2019 serikali ikaagiza mizigo ya Nairobi ipande treni. Malori yakapungua barabarani, na mama wa chapati, fundi wa tairi na mwenye gesti wakahisi. Hakuna aliyetenda dhambi hapo, lakini kuna watu walikula jana na leo hawana.

Ndio maana nampenda yule mwenye shamba wa Mathayo 20. Anatoka saa kumi na moja jioni, anakuta watu bado wamesimama sokoni, anauliza mbona wamekaa bure siku nzima. Wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Haoni sababu ya kuwashuku. Anawapeleka shambani, na jua likizama anawalipa.

Sasa tuangalie upande wa wenye nazo. Sheria ya Kenya inaweka kifungo cha hadi miaka 3 kwa wizi wa kawaida, lakini kwa wizi wa mifugo ni hadi miaka 14. Sibishi, kwa familia nyingi mbuzi ndiye benki. Lakini tajiri anayekaa na mshahara wa vibarua miezi mitatu tunasema biashara yake imebana. Yakobo 5:4 haisemi hivyo. Inasema ujira ule uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Katika kashfa ya Goldenberg ya miaka ya tisini mabilioni ya umma yalipotea, na waliotajwa walikuja na mawakili. Mwizi wa kuku anakuja na nguo aliyovaa. Wote wawili wakihukumiwa faini ama jela, tunajua nani atalala nyumbani. Akitoka, kila mwajiri atamdai cheti cha tabia njema, na cheti kitasema alifungwa.

Na wengine hata kortini hawafiki. Neno "mwizi!" likipigwa stendi linaweza kuua mtu kabla polisi hawajafika. Sijawahi kusikia tairi likivishwa mtu aliyeshuka kwa V8. Mtu wa Mungu, ukisikia kelele hiyo, mtu wa kwanza kumshika mkono ni yule aliyeokota jiwe.

Je, basi aliyeiba aachwe tu? Hapana. Mbuzi aliyeibwa mara nyingi ni wa mjane, si wa tajiri. Kijana anayevunja nyumba ya jirani maskini hawezi kujificha nyuma ya ukosefu wa kazi, maana jirani naye hana kazi na hakuiba. Paulo katika Waefeso 4:28 anamwambia mwizi aache, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumpa mhitaji. Zakayo alikuwa mwizi mwenye pesa, naye alirudisha mara nne. Mstari wa 31 ni wa wote.

Lakini afanye kazi gani, kama hakuna anayemwita? Kuanzia Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, kutakuwa na daftari mlangoni. Ukiwa na kazi hata ya siku moja, kufyeka, kupaka rangi, kuchimba choo, iandike hapo na malipo yake, na ulipe jioni ile ile. Kurasa za nyuma zina majina ya vijana wanaotafuta. Wawili kati yao wametoka Manyani mwaka huu. Wameandikwa kwa kufuata alfabeti kama wengine, na sijaweka alama yoyote.