Kumchezesha Mtoto Mchanga: Lifaalo na Lisilofaa

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mamaye hali hajui kitu, kisha akampa masikio na macho na moyo. Na rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Baada ya sala ya Alasiri, watu waketipo barazani kungoja Magharibi, mara nyingi huja baba na mtoto wake mkononi, mtoto wa miezi mitatu au minne. Mmoja katika waliopo humtwaa, akamrusha juu hata akakaribia boriti za dari, akampokea, akamrusha tena. Mtoto akicheka, wazee husema: "Mrushe, apate kuwa mwanamume." Na mwingine aliye pembeni hukunja uso, akasema: "Mrudisheni kwa mamaye. Mtoto mchanga si kazi ya wanaume." Watu hawa wawili wanapingana, na kila mmoja hudhani kuwa yuko katika njia ya dini. Basi yapasa kujua: je, kumchezesha mtoto mchanga kwafaa? Na kama kwafaa, mpaka wake ni upi?

Kwanza ni huyu asemaye kuwa mtoto si kazi ya wanaume. Huyu amekosa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Bwana Mtume alimbusu mjukuu wake Hasan, na mbele yake ameketi al-Aqra bin Habis, mkubwa wa Banu Tamim. Al-Aqra akastaajabu, akasema kuwa yeye ana watoto kumi, wala hajambusu hata mmoja. Bwana Mtume akamtazama, akamjulisha kuwa asiyerehemu harehemewi. Tena imepokewa na Abu Qatada kuwa Bwana Mtume alisalisha watu hali amembeba Umama, binti wa Zainabu binti yake. Akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba. Ikiwa mtoto alibebwa ndani ya sala, nani wa kusema kuwa ni aibu kumbeba barazani?

Wako wanaojitenga na watoto kwa kuchelea kanzu zao zisitiwe najisi. Hawa nao sharia imewaondolea udhuru. Ummu Qais binti Mihsan alimleta mwanawe mdogo ambaye hajaanza kula chakula. Bwana Mtume akampakata, mtoto akamkojolea, naye akataka maji akanyunyizia nguo yake. Kwa hivyo katika madhhabi ya Imamu Shafii, mkojo wa mtoto mwanamume asiyetimiza miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, hutosha kunyunyiziwa maji mpaka yaenee mahali palipopata mkojo, baada ya kuondoka wenyewe. Wa mtoto mwanamke huoshwa. Basi jambo ni jepesi, na kanzu haiwi sababu ya kumnyima mtoto kifua cha babaye.

Pili ni huyu amrushaye mtoto juu. Huyu amepata katika kupenda mchezo, akakosa katika namna yake. Ya'la bin Murra amesimulia kuwa walikuwa wakienda na Bwana Mtume kwenye chakula walichoalikwa, wakamkuta Husein njiani anacheza. Bwana Mtume akatangulia mbele ya watu, akakunjua mikono yake. Mtoto akawa anakimbia huku na huku, naye anamchekesha, hata akamshika. Alipomshika alitia mkono mmoja chini ya kidevu chake, na wa pili kisogoni mwake, kisha akambusu. Hadithi hii haikuja kufundisha utabibu. Lakini atazame mwenye akili: Mtume wa Mwenyiezi Mungu alicheza mbele ya watu bila ya kuona haya, na Husein siku hiyo alikwisha kuweza kukimbia, hata hivyo mkono wake ulikuwa kisogoni mwa mtoto. Mchezo ulikuwa wa furaha, na mkono ulikuwa wa upole.

Wanavyuoni wa zamani waliliona jambo hili. Ibnul Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra, katika kitabu chake Tuhfatul Maudud, ameonya kuwa watoto wasichukuliwe na kuzungushwa huku na huku kabla ya kupata miezi mitatu au zaidi, kwa kuwa wametoka karibuni tumboni mwa mama zao na miili yao ni dhaifu. Akaonya pia mtoto alindwe na kila kitu cha kumfazaisha: sauti kali, sura za kutisha, na harakati za kumsumbua.

Na matabibu wa zama hizi wamezidi kulibainisha. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa ni kama robo ya urefu wake wote. Ni kizito, na shingo yake haijapata nguvu ya kukichukua. Wengi hawakiimarishi kichwa ila wafikapo kiasi cha miezi minne. Utosi wake ni laini, na kwa wengi hufunga kati ya mwaka mmoja na miaka miwili. Ubongo wake ni mwororo, na mishipa ya damu inayoufunika ni myembamba. Akitikiswa kwa nguvu, kichwa huenda mbele na nyuma, mishipa ile hukatika, na damu ikavuja ndani ya fuvu na nyuma ya macho, na huenda nje pasionekane hata alama moja. Tabibu Guthkelch wa Uingereza aliliandika jambo hili mwaka 1971, na Caffey wa Marekani mwaka 1972. Mtoto aliyetikiswa hivyo huweza kufa, au kupofuka, au kuishi na akili iliyopungua.

Isifahamike kwa haya kuwa kila mchezo ni khatari. Kumpakata na kumbembeleza magotini polepole, kumwimbia, kumfichia uso na kumfunulia, kumtekenya kidogo kisha kumwacha apumue, kumlaza juu ya mkeka akashika vidole vya babaye: haya yote ni mema, wala hayamdhuru. Lisilofaa ni kumrusha juu, kwa kuwa mkono huteleza, na juu pana boriti au pangaboi, na chini pana sakafu ya saruji. Na kumtikisa ni vibaya zaidi. Wala asiinuliwe wala kuzungushwa kwa kushikwa mikono, hata akiwa wa miaka miwili au mitatu, kwani kiwiko huweza kuteguka. Na mtoto akigeuza uso, au akilia, mchezo umekwisha. Wala kicheko chake si idhini, kwa kuwa yeye hajui khatari. Ajuaye ni yule aliyemshika.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Mara nyingi mtoto hatikiswi kwa mchezo, bali kwa hasira. Mtoto mchanga hulia sana, na kilio huzidi khasa katika mwezi wa pili. Usiku wa manane baba amechoka, mama amechoka, na mtoto hanyamazi. Hapo shetani huja, na mkono ule uliokuwa ukimbembeleza huwa mkono wa kumsukasuka ili anyamaze. Akinyamaza baada ya kutikiswa, huenda si kwa kutulia. Ni kwa kuumia. Dawa ya saa hiyo ni kumlaza mtoto chali kitandani mahali pa amani, kutoka chumbani, kuketi kama Bwana Mtume alivyomwamrisha mwenye hasira aketi, kutia udhu, kisha kurudi. Kilio hakimwui mtoto.

Na mtu asiseme, "Ni mwanangu." Mtoto ni amana. Katika madhhabi ya Imamu Shafii, aliyemponyoka mtoto katika mchezo akafa, hata akiwa babaye, ameua kwa makosa: yampasa kafara, nayo leo, kwa kuwa watumwa hawapo, ni kufunga miezi miwili mfululizo, diya ni juu ya jamaa zake, wala harithi kitu katika mali ya mtoto huyo wala katika diya yake. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya aliyekuwa akicheza, aliyemtikisa kwa hasira ajihesabu mwenyewe.

Mtoto aliyeanguka au kutikiswa, akawa anatapika, au analala asiamshike, au anakataa ziwa, au anapumua kwa shida, au akashikwa na degedege, apelekwe hospitali saa ile ile. Isisemwe kuwa ni jicho wala pepo ili kuficha lililotendeka. Na tabibu aambiwe kweli kama ilivyokuwa. Haya ya saa moja ni nyepesi kuliko majuto ya umri mzima.

Enyi Waislamu, wachezesheni watoto wenu, kwani hiyo ni sunna, na atakayemrehemu mdogo atarehemewa. Lakini kila mmoja ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa. Wakati wa kumtwaa mtoto, mkono mmoja na uwe chini yake, na wa pili kisogoni.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wa Waislamu, uwajaalie kuwa kitulizo cha macho ya wazazi wao, na uilainishe mikono ya baba zao. Amin. Wallahu aalam.